Alama za Namba Tisa

6 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, sikio la kushoto likiwa kazini na la kulia likiwa bado kwenye mgomo. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za nyumba ukanijibu habari za mbuzi wa jirani. Huku hatujambo. Mama kikohozi kimemwachia na amepata nguvu mpya za kuzisema ndevu zangu. Baba yuko kwenye jengo jipya la zahanati, anaweka vigae vyumba kumi na viwili. Magoti yanamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atampigia hayo magoti. Anakusalimu sana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na uniahidi hutacheka mpaka ufike mwisho wa ukurasa.

Nilisahihisha mtihani wa hesabu wa darasa langu, karatasi arobaini na sita. Sikuandika alama juu ya karatasi. Niliziandika pembeni, kwenye daftari dogo la kijani, kwa sababu nilitaka watoto wasome maoni yangu kwanza kabla ya kukimbilia kutazama nani kampita nani. Nilijiona nina akili nyingi. Daftari likapotea. Nilipekua ofisi ya walimu yote, nikasogeza makabati, nikainua hata birika la chai. Siku ya nne nikakata tamaa, nikakaa chini nikasahihisha zote upya. Namaliza tu karatasi ya mwisho, huyo mwalimu wa michezo anaingia na daftari la kijani mkononi. Alilichukua mezani kwangu siku ya mbio, akaandikia muda wa wakimbiaji kurasa za nyuma. "Nilidhani ni la shule," ananiambia. Nilitaka kumkaba, Shangazi. Kisha nikalifungua.

Karatasi kumi na tisa alama zake zimepishana kwa zaidi ya tano. Karatasi ileile, mwalimu yuleyule, mwongozo uleule, wiki moja tu katikati! Nilihesabu mara tatu nikidhani nimechanganya mistari. Wapi. Kuna mmoja mara ya kwanza nilimpa 70, mara ya pili 61, na sijui alinikosea nini humo katikati.

Wengi wao haidhuru, watavuka darasa kwa alama yoyote ile. Anayeninyima raha ni binti mmoja, wenzake wanamwita Taratibu kwa kuwa hata kufungua begi kwake ni shughuli ya nusu kipindi. Mara ya kwanza nilimpa 39. Mara ya pili 51. Kuvuka ni 45. Na mwaka jana alirudia darasa, na kanuni ya shule unaijua: kurudia ni mara moja, ukishindwa tena unafunga virago. Nimejumlisha na alama zake za masomo mengine. Nikiandika 51, anabaki shuleni. Nikiandika 39, anaondoka.

Tofauti kubwa iko namba tisa, ile ya sakafu. Ndiyo, namba tisa yako, ya enzi zako za kufundisha hapa. Miaka yote hii tunabadilisha tarakimu tu. Chumba chenye pande mbili sambamba, moja mita sita, nyingine mita kumi, kimo mita tano, tafuta eneo. Taratibu hakuandika kanuni. Alichora chumba, akachora pembe moja imekatwa na kupachikwa upande wa pili, kisha akaandika 8 × 5 = 40. Jibu sahihi kabisa. Mara ya kwanza nilimpa alama mbili kati ya kumi. Mara ya pili nikampa zote.

Nilipeleka suala hili kwa mkuu wa shule, yule uliyemfundisha mwenyewe na ambaye mpaka leo akikutaja anakaa wima kwenye kiti. Akafungua kabati, akatoa mwongozo wa kusahihisha, ule wa mashine ya chapa, akaniwekea kidole kwenye mstari: *Njia isiyofundishwa haina alama.* Chini kuna sahihi yako. "Andika 39," akasema. "Shangazi yako ndiye kasema, si mimi."

Kwa hiyo nina mambo mawili. La kwanza nauliza tu kwa kutaka kujua: uliwahi wewe kusahihisha karatasi moja mara mbili? La pili ni ombi. Kikao cha walimu cha kuamua nani anavuka ni tarehe 10 Septemba. Mwandikie mkuu mistari miwili, kwamba kanuni ile inaweza kulegezwa. Wewe ukisema, hakuna atakayebisha.

Mpwa wako,
Maswali

---

23 Mei

Wewe Maswali,

Marahaba. Nimecheka kabla ya mwisho wa ukurasa, na sikuahidi kitu. Mimi mzima. Paa limeanza kuvuja upande wa jikoni, nimeweka sufuria mbili na beseni, mvua ikinyesha napata ngoma bure, na kwa sikio moja si mbaya. Mbuzi wa jirani amezaa pacha. Mwambie mama yako asikusumbue na ndevu. Mwanamume asiye na ndevu akisimama mbele ya darasa la siku hizi watoto wanamwuliza yeye ni wa darasa la ngapi.

Umesema baba yako ananisalimu sana. Amesema kwa mdomo wake, au wewe umemsemea?

Haya, tuje kwenye kituko chako. Nani alikufundisha kusahihisha bila kuandika alama kwenye karatasi? Alama inaandikwa juu kulia, kwa wino, inazungushiwa duara, basi. Maoni yanakuja baadaye kama muda upo, na muda haupo. Halafu unasahihisha vipi wewe? Mtoto mmoja mpaka mwisho, kisha unashika mwingine? Ndiyo maana unayumba. Sahihisha namba moja ya watoto wote, kisha namba mbili ya watoto wote. Changanya rundo kila namba. Kunja kona yenye jina. Usianze na karatasi ya mtoto unayempenda, na usishike kalamu ukiwa na njaa. Mambo haya nilijifunza kwa miaka thelathini na moja, nakupa kwa dakika tano.

Kuhusu mwongozo: kanuni ni kanuni. Watoto wakiruhusiwa kila mmoja na njia yake, mwalimu atakuwa anasahihisha ndoto. Leo amepata jibu kwa kukata pembe, kesho atalipata kwa kuchungulia kwa jirani na kukuambia ndiyo njia yake. Utajuaje? Mkuu wako amesema kweli, na nafurahi kusikia bado anakaa wima.

Sitaandika hiyo mistari miwili. Usinune.

Kula vizuri. Mwambie mama yako tangawizi isichemshwe sana.

Shangazi yako

---

5 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sijanuna, au nilinuna siku mbili tu. Pole na paa. Mama amepunguza kuchemsha tangawizi na anashukuru. Baba amemaliza vyumba saba.

Umenibana kuhusu salamu, basi nikiri: nilimsemea. Nikimwambia namwandikia Shangazi huwa anasema "haya" na kuendelea na alichokuwa anafanya. Mimi ndiye huigeuza hiyo "haya" kuwa salamu nyingi. Tangu nikiwa mdogo ni hivyo, nikadhani ndivyo kaka na dada wanavyozeeka.

Nawe nikubane kidogo. Umenipa ushauri mzuri ukurasa mzima, lakini swali langu la kwanza umeliruka juu kwa juu. Mtoto akifanya hivyo kwenye mtihani ningemwandikia "hujajibu".

Ushauri wenyewe nimeufuata, na sasa nimekuwa mgonjwa wa jambo hili. Nimepiga nakala karatasi ya Taratibu bila jina, nikawapa walimu watatu wa hesabu kila mmoja peke yake. Mmoja kampa 38, mmoja 46, mmoja 53. Yule wa 38 na yule wa 53 wanakaa meza moja na wanakula chakula cha mchana pamoja! Nilipowaonyesha, kila mmoja akamtazama mwenzake kama mtu aliyegundua mwenzake analala na viatu. Kisha nikarudi kwenye daftari la kijani, nikatazama nilisahihisha kwa mpangilio gani. Karatasi zilizofuata mara baada ya ile ya kiongozi wa darasa, yenye mwandiko kama wa kitabu, zote nilizibana. Na kumi nilizozisahihisha kabla ya chai ya saa nne ndizo zina alama ndogo kuliko zote. Ulisema njaa. Nilidhani unanitania.

Nimemwita pia Taratibu. Nilimwambia anionyeshe alivyofikiri. Akaniomba karatasi na mkasi. Akakata umbo la chumba, akakunja upande ulioinama katikati, akakata ile pembe, akaigeuza, akaipachika juu. Ikawa chumba cha mstatili, nane kwa tano. Nikamwuliza nani kamfundisha. Akasema, "Nililiona tu, Mwalimu. Kilichozidi huku ndicho kilichopungua kule." Shangazi, nimefundisha kanuni ile mwaka wa pili sasa: jumlisha pande sambamba, gawanya kwa mbili, zidisha kwa kimo. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilielewa kwa nini tunagawanya kwa mbili. Ni jambo lilelile, ila yeye amelifikia kwa mkasi. Nilimshukuru, akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Kile kikaratasi nilikuja nacho nyumbani. Baba alikuwa anasugua saruji kwenye vidole. Nikamwonyesha. Akakishika muda mrefu, akakikunja na kukikunjua. "Huyu mtoto anaijua sakafu," akasema. Nikamwambia kanuni ya mwongozo inavyosema na ni ya nani. Akaniwekea kikaratasi mezani polepole. "Usimwandikie Shangazi yako habari hii," akasema, akatoka nje.

Nimekuandikia. Unajua jina langu. Kwa nini alisema hivyo?

Na ombi langu bado lipo palepale. Imebaki miezi mitatu.

Mpwa wako,
Maswali

---

30 Julai

Maswali,

Marahaba. Najua nimechelewa. Fundi wa paa amekuja, paa halivuji. Mbuzi wadogo wanakula maua yangu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi sita. Ni mtihani wa zamani wa hesabu, wa watoto sita. Nimezinakili zote kwa mkono wangu, michoro na makosa yao na kila kitu, ili usione mwandiko wa mtu wala alama iliyotolewa. Macho yangu si yale ya zamani, kwa hiyo nilikuwa nafanya ukurasa mmoja kwa siku, na siku nyingine hata ukurasa haukuisha. Ndiyo sababu ya kuchelewa. Namba tisa ni ileile, kuvuka ni 45.

Zisahihishe. Tumia akili yako, si mwongozo wangu. Kisha niletee alama.

Usiniulize ni za nani.

Shangazi yako

---

11 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi mpaka Mama aliuliza kama unaumwa. Nilimwambia mtu anayelalamikia mbuzi haumwi. Sote wazima. Baba amemaliza zahanati. Kuna chumba cha dawa chenye ukuta ulioinama, alikiwekea vigae bila kuvunja hata kimoja, na msimamizi akawaita mafundi wengine waje watazame. Hayo kanieleza msimamizi, si Baba.

Nilizisahihisha karatasi zako Jumamosi asubuhi, nimeshiba, namba moja ya wote kwanza, kisha mbili ya wote, rundo nikilichanganya kila mara. Nikazificha juma zima. Jumamosi iliyofuata nikazisahihisha tena bila kutazama alama za kwanza. Safari hii hakuna iliyopishana kwa zaidi ya mbili! Nilipiga meza kwa furaha mpaka Mama akaja kuona nini kimevunjika.

Ya kwanza 73. Ya pili 58. Ya tatu 30, na huyu maskini alikuwa anaotea tu. Ya nne 66. Ya tano 51. Ya sita 47.

Hebu sasa tuongee kuhusu hii ya tano. Si karatasi safi. Namba sita ameanguka vibaya, ile ya mabomba mawili yanayojaza tangi, la kwanza saa tatu, la pili saa sita, yote mawili pamoja saa ngapi. Amejumlisha akagawa kwa mbili, akaandika saa nne na nusu. Sifuri. Lakini namba tisa, Shangazi! Amekata pembe akaipachika upande wa pili, vilevile kama Taratibu, kitu na pacha wake. Nilisimama. Nikadhani umeitunga karatasi hii makusudi ili unipime. Kisha nikaona amefuta mchoro mara mbili, nawe ukanakili hata ule ufutaji. Mtu hatungi ufutaji. Nilimpa zote kumi.

Umenikataza kuuliza ni za nani, siulizi. Nauliza jambo lingine: wewe ulimpa ngapi?

Mkuu ameshaandika 39 kwa penseli kwenye orodha ya kikao. Anasema atapitisha wino siku yenyewe. Taratibu hajui lolote. Jana aliniletea kikaratasi kingine alichokata, cha pembe tatu, nikashindwa kumtazama usoni.

Mpwa wako,
Maswali

---

24 Agosti

Mwanangu,

Salamu hazipandi leo, unisamehe. Mimi mzima. Nikianza na habari za mbuzi nitaishia kwenye mbuzi, na najijua.

Nilimpa 42.

Namba tisa nilimpa mbili kati ya kumi, kama wewe ulivyofanya mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba mimi sikupoteza daftari. Na ni ya baba yako.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilipangiwa shule ya hapohapo nyumbani, na darasa nililopewa lilikuwa na mdogo wangu ndani yake. Kila mtu alikuwa ananitazama. Kwenye ofisi ya walimu kulikuwa na mzee mmoja wa jiografia, kila nikipita anasema, "Mwalimu, mdogo wako atakuwa wa kwanza mwaka huu, eti?" na wenzake wanacheka. Nikaapa hakuna atakayesema nilimbeba. Nikisahihisha ya wengine nilikuwa natafuta alama za kuwapa. Nikifika kwenye ya kwake natafuta za kukata.

Ile namba tisa niliielewa. Usidhani sikuielewa. Yeye ndiye aliyekuwa anatukatia magazeti ya kufunikia madaftari nyumbani, wote watano, na hakuwahi kupoteza hata ukanda mmoja. Alikuwa anapachika vipande hivyohivyo. Nilipouona mchoro nilimwona yeye sakafuni na mkasi. Jibu lake lilikuwa sahihi na njia yake ilikuwa sahihi. Nikaandika mbili, kwa sababu nilijua mzee wa jiografia ataiomba hiyo karatasi aitazame. Na kweli aliiomba. Akasema, "Umemsahihisha kwa haki." Nikajisikia vizuri, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri siku nzima.

Alikosa alama tatu. Nyumbani tulikuwa watoto watano, wakati ule aliyeshindwa hakurudia darasa, alitafutiwa ufundi. Baba yetu akaja kuniuliza, "Kweli ameshindwa?" Nikasema kweli. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama tu. Tangu siku ile tumesalimiana kwenye harusi na misiba tu.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nichelewe kukujibu. Kanuni ile ya njia isiyofundishwa, niliiandika mwaka uliofuata. Baada ya kumwangusha, si kabla. Nilihitaji kuwe na sababu. Nikaiandika, nikaipiga chapa, nikaitia sahihi, nikaifundisha kwa walimu miaka thelathini, mpaka nikaiamini. Mkuu wako nilimfundisha nayo. Ni watoto wangapi waliokata pembe humo katikati, sijui. Swali lako la kwanza nalijibu leo: hapana, sikuwahi kusahihisha karatasi moja mara mbili. Niliogopa.

Nimeambatanisha barua ya mkuu. Sikuifunga, isome. Nimemweleza yote, na kwamba mtoto yule ni ndugu yangu nimeandika wazi. Mwambie aisome mbele ya kikao, isibaki kwenye kabati.

Na kuna karatasi nyingine, ya asili, yenyewe, na wino wangu mwekundu. Zile sita niliziweka miaka yote kwa ajili ya hii moja. Tano zilikuwa za kuificha. Mpe baba yako. Simu siwezi, nitamsikia vibaya, na neno hili nikilisikia vibaya sitalivumilia. Mwambie dada yake anasema alimwonea. Lisemwe hivyohivyo, usilipambe kama unavyopamba salamu.

Shangazi yako

---

15 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaiingiza mfukoni, nikatembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu. Nilikuwa namfikiria Baba na magoti yake. Nilitaka kukuandikia maneno mazito, na nilianza, karatasi ipo. Kisha nikakumbuka daftari la kijani. Mimi nilimpa Taratibu mbili kati ya kumi bila mzee yeyote wa jiografia kunitazama, kwa sababu tu sikuwa nimekunywa chai. Nikaichana ile karatasi.

Kwanza kikao. Mkuu alisoma barua yako kwa sauti, amesimama. Alipofika pale unaposema uliiandika kanuni baada ya tendo, akavua miwani, akaifuta, akaendelea. Yule aliyempa Taratibu 38 akasema, "Basi tuisahihishe upya hapahapa, namba tisa tu, bila jina." Tukapitisha nakala mkono kwa mkono. Wote tisa walimpa kumi. Mkuu akachukua kifutio, akafuta 39 ya penseli, akaandika 51, ile alama yangu ya pili, kwa wino. Kisha akafungua mwongozo akapiga mstari juu ya kanuni yako, kwa rula. Anasema wewe ungependa iwe kwa rula.

Taratibu anavuka. Nilimwambia jana. Akasema, "Asante, Mwalimu," akachukua kama dakika tatu kufunga begi, na alipofika mlangoni akaruka juu mara moja, mara moja tu, akidhani simwoni.

Sasa Baba. Nilimpa karatasi mchana wa Jumapili, amekaa kwenye kiti cha uani. Nikamwambia, "Dada yako anasema alikuonea." Sikupamba. Akavaa miwani. Nilidhani ataenda moja kwa moja namba tisa. Aliipita. Akaenda namba sita, akaweka kidole.

"Hii nilikosea kweli," akasema.

Nikamwuliza, "Na ya tisa?"

"Ya tisa nilijua ni sahihi siku ileile, hata yeye alijua, nilimwona usoni. Hiyo haijawahi kunisumbua." Akagonga namba sita. "Hii ndiyo imenisumbua. Nne na nusu! Bomba moja peke yake linajaza kwa saa tatu, halafu nalisaidia kwa la pili, linakuwa polepole zaidi? Niligundua nikiwa kazini, nasubiri pipa lijae, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakadhani nimepatwa na jua. Na nikakosa wa kumwambia."

Alisema hilo la mwisho kawaida tu, Shangazi, akiwa anatafuta penseli yake nyuma ya sikio. Mimi ndiye niliyelazimika kuingia ndani.

Niliporudi alikuwa ameshaandika. Ameirudia namba sita kwenye karatasi ileile, pembeni ya wino wako. Akaniambia, "Mrudishie. Mwambie asahihishe."

Imo ndani ya bahasha hii. Na safari hii anakusalimu. Kwa mdomo wake, nilimfanya arudie mara mbili.

Mpwa wako,
Maswali

---

29 Septemba

Maswali mwanangu,

Marahaba. Nimelia, nimemaliza, nimekunywa chai, ndipo nikashika kalamu, kama ninavyokufundisha. Nakuja tarehe nane kwa basi la asubuhi. Usije kunipokea, mwambie yeye aje.

Karatasi naileta mwenyewe, lakini mpe majibu yake mapema, asikae roho juu.

Namba tisa: kumi kati ya kumi.

Namba sita: ameandika "Saa 2", basi, hakuna mstari mwingine. Jibu ni sahihi. Njia hajaonyesha hata kidogo.

Nimempa zote.

Shangazi yako